Jiwe lililogeuka njano

"Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa tumbaku, naishi Nguruka, wilaya ya Uvinza. Mwaka jana tulipokuwa tukifuata mizinga yetu ya nyuki, mwendo wa saa mbili na nusu kwa pikipiki kusini mwa reli na saa nyingine kwa miguu, tulikuta kilima chenye mawe ya kijivu na mengine ya kahawia, mazito kiasi, na udongo wake mwekundu. Mbuzi wa wafugaji wanayalamba yale mawe. Broka mmoja wa mjini akatuambia ni fosfeti ya kutengenezea mbolea. Tulimpelekea kilo 20 kwenye kiroba cha mbolea, akamwagia dawa mbele yetu, jiwe likageuka njano. Sasa anataka tuchange milioni 6 alete mashine ya kuchoronga. Tuko watu 11. Fosfeti inatafutwaje? Na huku kwetu Kigoma ipo kweli?"

Marahaba, mwanangu. Nashukuru umeuliza kabla ya kuchanga, maana barua za namna hii hunifikia mashine ikishaondoka na shimo likibaki na maji ya mvua. Jibu la haraka ni hili: msichange. Sisemi huyo broka ni tapeli. Huenda naye anaamini anachosema. Lakini katika kazi ya kutafuta fosfeti, kuchoronga huja mwishoni kabisa, na ninyi hata mwanzo bado.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili jicho likakwama kwenye maneno matatu: kiroba cha mbolea. Wewe unalima tumbaku. Kiroba hicho bila shaka kilikuwa cha NPK, mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ile ya 10-18-24. Hiyo 18 ya katikati ndiyo fosforasi, tena imeandikwa kwa hesabu ya P2O5, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, hesabu ileile tunayotumia sisi kupimia mwamba. Maana yake kila kilo ya chenga zile ina gramu 180 za kitu hichohicho mnachokitafuta. Kiroba ukikikung'uta hata mara tatu, kwenye mshono wa chini hubaki vumbi na chenga. Sasa mkatia mawe humo, yakasuguana juu ya pikipiki kutwa nzima. Yalipofika kwa broka yalikuwa yameshapakwa fosfeti. Na dawa ya kupimia haina namna ya kujua kama fosfeti hiyo imetoka mlimani au imetoka kwenye mbolea ya chama cha msingi.

Usinione nakucheka. Mimi mwenyewe niliumbuka kwa jambo hilihili nikiwa kijana, nikifanya kazi na kampuni moja iliyokuwa ikitafuta madini magharibi mwa nchi. Nilikuwa na vibarua sita, tunachukua udongo kila baada ya mita 200, mstari baada ya mstari. Vifuko vya kitambaa vikatuishia tukiwa tumebakiza siku mbili. Kibarua mmoja akasema kwa mjomba wake kuna viroba vizuri, vikavu. Tukavikata, tukashona vifuko, tukamaliza kazi. Majibu yaliporudi, mistari yote ya siku mbili za mwisho ilikuwa imepanda hadi karibu asilimia moja ya P2O5, huku mingine yote ikiwa kwenye 0.1 na 0.2 kama udongo wowote. Nikaandika ripoti kwa furaha. Tukarudi, tukachimba mashimo tisa, hatukuona kitu. Aliyetegua kitendawili ni mpishi wa kambi, aliyekuwa akinisaidia kumwaga sampuli za akiba kwenye sinia: akaokota chenga moja ya mviringo, akaibonyeza kwa kucha, akaniambia, "Bosi, hii si mbolea?" Fanya hesabu mwenyewe. Gramu 10 za chenga zikiingia kwenye gramu 200 za udongo zinaongeza P2O5 kwa karibu asilimia 0.9. Gramu 10 ni kama vijiko viwili tu vya chai.

Sasa hiyo njano. Dawa ya kweli ya kupimia fosfeti porini ni amoniamu molibdeti iliyoyeyushwa kwenye maji na kutiwa asidi ya naitriki. Ukiidondoshea juu ya unga wa jiwe lenye fosfeti, baada ya muda mfupi, na haraka zaidi ukipasha moto kidogo, hutokea unga wa njano iliyokolea, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Shika neno hilo: unga. Unatua chini, unashika kwenye jiwe. Lakini ukimwaga asidi tupu juu ya jiwe lenye kutu ya chuma, maji yenyewe ndiyo yanayogeuka njano, wala hakuna unga wowote unaotua. Hiyo ni rangi ya chuma, na udongo mwekundu wa kilima chenu unaniambia chuma hakijakosekana. Kwa hiyo swali la kumuuliza broka si "je, liligeuka njano?" Muulize chupa ile ilikuwa na nini ndani, na ninyi kumi na mmoja jaribuni kukumbuka: mliona unga, au mliona maji?

Kipimo hiki mnaweza kukirudia bila yeye. Tafuteni mwalimu wa kemia wa sekondari aliye tayari. Chukueni jiwe jipya kutoka kilimani, mlibebe kwenye mfuko mpya wa nailoni, mlivunje kwa nyundo, mchukue kipande cha ndani ambacho hakijaguswa na kitu, mkioshe, mkisage juu ya sahani safi. Wekeni pembeni vitu viwili vya kulinganisha: unga wa jiwe la kawaida la msingi wa nyumba, na chenga mbili za mbolea yenu. Chenga zikigeuka njano na jiwe la msingi lisigeuke, dawa yenu ni nzima. Hapo ndipo mtaamini jibu la jiwe la kilimani. Mwalimu anajua, lakini na wewe ujue: asidi humiminwa kwenye maji, maji hayamiminwi kwenye asidi. Na arseniki nayo hutoa njano ya namna hii, kwa hiyo hata kipimo hiki ni cha kuwapa hamu ya kwenda maabara, hakiwapi jibu la mwisho.

Mbuzi waacheni. Mbuzi analamba chumvi, na wewe unaishi wilaya ambayo chemchemi zake za maji ya chumvi pale Uvinza zilikuwa zikichemshwa kwa vyungu karne nyingi kabla ya reli kufika. Madini ya fosfeti, yaani apataiti, hayana ladha na hayayeyuki kwa mate. Mnyama aliyepungukiwa fosforasi utamjua kwa jambo jingine: ng'ombe anaanza kutafuna mifupa.

Umeniuliza kama Kigoma ipo. Hapo ndipo penye utamu, na ndipo broka wako alipopapita bila kupaona. Huwezi kuitafuta fosfeti kwa kutazama rangi ya jiwe, kwa sababu haina rangi yake. Kuna ya kijivu, ya kahawia, nyeusi, nyeupe ya chokaa, hata ya kijani. Inatafutwa kwa kujiuliza: mahali hapa, fosforasi ingekusanywa na nini?

Kwa hapa nchini mkusanyaji tunayemjua zaidi ni ndege. Minjingu, kule Manyara, ilipatikana mwaka 1956 na watu waliokuwa wakitafuta uraniamu. Vyombo vyao vikalia juu ya kilima, wakaenda kuangalia, kumbe ni fosfeti. Kile kilima zamani kilikuwa kisiwa ndani ya Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo. Mnandi na ndege wengine wala samaki walikaa pale vizazi na vizazi, wakaacha kinyesi, mizoga na mifupa ya samaki, na ziwa likavifukia. Mpaka leo ukivunja bonge la Minjingu unaweza kukuta mfupa mwembamba wa ndege umelala ndani. Uraniamu ilikuwamo kwa sababu apataiti huishika kidogo kidogo mahali pa kalisi (kalsiamu), ndiyo maana chombo cha kupimia mionzi ni rafiki wa mtafuta fosfeti.

Najua unachofikiri: na sisi tuna Ziwa Sagara, tuna mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi, ndege tele. Ni wazo zuri na nisingemkataza mtu kulifuata. Ila tofauti iko kwenye maji. Manyara ni ziwa la magadi lisilo na mto wa kutokea, kilichoingia kinabaki. Malagarasi inatiririka mpaka Ziwa Tanganyika na kila masika inasukuma uchafu wake mbele. Kwa hiyo mimi nisingeanza huko. Na kilima chenu, kwa maelezo yako, kina miamba migumu, si matope ya ziwa.

Mkusanyaji wa pili ni bahari za kale. Fosfeti nyingi duniani, ikiwemo ya Moroko, ilitulia chini ya bahari. Huku kwenu hakuna bahari ya juzi, lakini kuna ya zamani sana: mchanga, udongo mgumu na mawe ya chokaa yenye dolomaiti (chokaa iliyoungana na magnesiamu) ambayo wanajiolojia huyaweka kwenye kundi la Bukoba, na yanaonekana sehemu mbalimbali za Kigoma, Ilagala ikiwemo. Wengi huyapita wakisema ni mawe ya kale mno. Lakini kule Jhamarkotra, jimbo la Rajasthan nchini India, fosfeti imekaa ndani ya dolomaiti ya kale kupita hiyo yenu, katika mistari ya nguzo ndogondogo zilizojengwa na viumbe wa majini wasioonekana kwa macho. Kwa hiyo anayetembea juu ya dolomaiti ya Kigoma asitazame jiwe jeupe. Atazame mistari ya kijivu iliyokoza au nyeusi ndani yake, hasa ile inayobaki imejitokeza pale jiwe jingine linapoliwa na mvua, maana apataiti haiyeyuki kwa mvua upesi kama chokaa.

Mkusanyaji wa tatu ndiye ningemwekea dau langu: kabonataiti. Huu ni mwamba wa volkano, lakini badala ya kuwa na silika nyingi umejaa chokaa, umepanda kutoka kina kirefu ukiwa umebeba apataiti, chuma cha sumaku, niobiamu na madini mengine adimu. Ukanda wa Bonde la Ufa la Magharibi unayo kadhaa: Lueshe upande wa Kongo, Matongo kwa jirani zetu wa Burundi, na kwetu Sangu, kando ya Ziwa Tanganyika karibu na Ikola mkoani Katavi. Panda Hill na Ngualla ziko mbali zaidi kusini. Wengi wamefundishwa kwamba kabonataiti ni kilima cha mviringo kama pete. Ya Sangu ni mwamba mrefu mwembamba kama mkanda, kwa hiyo pete isiwe sharti.

Uzuri wa kabonataiti katika nchi yenye mvua ni huu. Maji ya mvua yanayeyusha chokaa na kuondoka nayo, apataiti na chuma vinabaki. Miaka milioni kadhaa ikipita, juu ya mwamba wenye P2O5 asilimia 3 au 4 unapata udongo mwekundu mzito wenye asilimia 10 na zaidi. Vilima vya Sukulu karibu na Tororo, Uganda, ndivyo vilivyo: zaidi ya tani milioni 200 za udongo wa namna hiyo. Sasa soma tena barua yako: udongo mwekundu, mawe ya kijivu na ya kahawia, mazito kiasi. Sisemi ndiyo. Doleraiti, mwamba mwingine uliopanda kutoka chini ukiwa wa moto, nayo ni nzito, ya kijivu, inavaa ganda la kahawia na inaacha udongo mwekundu, na doleraiti imejaa kila mahali huko. Nasema tu kwamba kilima chenu kinastahili siku mbili za kutembea, na siku mbili hazigharimu milioni 6.

Ila kabla ya kurudi huko, pitieni Kigoma mjini kwa Afisa Madini Mkazi. Madini ni mali ya Jamhuri hata yakiwa chini ya shamba lako, na kwa Sheria ya Madini, Sura ya 123, hata kutafuta kunahitaji leseni. Mwambieni aangalie kwenye mfumo wa Tume ya Madini kama eneo liko wazi au lina leseni ya mtu. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania tu, ni ya miaka 7 na inaweza kuhuishwa, na mwenye nayo anaruhusiwa kutafuta na kuchimba ndani ya mipaka yake. Leseni ya utafutaji ni ya eneo kubwa zaidi na ya watu wenye mfuko. Hiyo huanza na miaka 4. Muulizeni pia kama kilima hakimo ndani ya msitu wa hifadhi au pori la akiba. Kusini mwa reli mipaka hiyo imekaa kwa kupindapinda, na mizinga ya nyuki kuruhusiwa mahali haina maana nyundo nayo imeruhusiwa. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wapewe habari mapema, kwa maandishi.

Jambo moja dogo linaloponza watu wengi hapo ofisini: simu yako inasoma mahali kwa mfumo wa WGS 84, na ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960. Ukichukua namba za simu ukazibandika kwenye ramani hizo bila kugeuza, unakosea kwa karibu mita 300. Kwa leseni ndogo, mita 300 ni kukata kiwanja cha jirani.

Ukiwa na namba sahihi za kilima, ulizeni ramani kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma. Kati ya mwaka 1977 na 1980 ndege ilipita juu ya nchi hii, mistari ikiachana kilomita moja, ikipima usumaku na mionzi. Kabonataiti ikiwa kubwa mara nyingi huonekana humo: doa kali la usumaku, na juu yake doa la thoriamu, madini yenye mionzi. Isipoonekana, si kwamba haipo; kilima cha mita 400 kinaweza kukaa katikati ya mistari miwili kisiguswe. Lakini kama ramani inaonyesha doa palepale mlipoona mawe, nitakuja mwenyewe na fimbo yangu.

Nendeni kati ya Juni na Septemba, nyasi zikishaungua. Mkibanwa na Novemba mtarudi mmebeba pikipiki. Mbung'o mnawajua. Bebeni nyundo nzito, karai, mifuko mipya, kalamu ya wino usiofutika, kitabu, siki au asidi kidogo ya betri iliyozimuliwa sana, kisu, kipande cha kioo, na sumaku. Sumaku ya spika mbovu inatosha. Ifunge kwenye kamba.

Siku ya kwanza msiokote kitu. Zungukeni kilima chote kwa miguu, mkichora. Mawe ya kijivu yanaanzia wapi na kuishia wapi? Yamepangana kwa mstari, kwa duara, au yametawanyika tu? Burura sumaku kwenye mchanga wa vijito vinavyoshuka: ikitoka na ndevu nyeusi nene kwenye kijito kimoja na kwenye kingine hakuna, umeshajua upande wa kwenda. Angalieni majani. Udongo wa miombo una njaa ya fosforasi, ndiyo maana mnainunua kwa mkopo kila msimu. Mahali penye fosfeti inayoweza kuliwa na mimea, nyasi husimama nene kuliko jirani, na kama kuna mtu aliwahi kulima pale, muulizeni mahindi yake yalikuwaje bila mbolea.

Hapa niweke tahadhari juu ya vichuguu, kwa sababu Tabora na Kigoma nzima watu huvitumia. Mchwa hupandisha udongo wa chini, kwa hiyo kichuguu ni shimo la bure; chukua kiganja kutoka ndani yake, si kwenye ganda la nje, na ulinganishe kichuguu na kichuguu. Lakini udongo wa kichuguu kwa kawaida una rutuba na chokaa kuliko ardhi ya pembeni, hata pasipo na mwamba wowote wa maana. Vile vijiwe vyeupe vinavyopatikana ndani, vikichemka kwa siki, ni chokaa iliyokusanyika humo. Anayelinganisha kichuguu na shamba atagundua fosfeti kila siku.

Siku ya pili ndiyo ya nyundo. Vunja kila aina ya jiwe, tazama uso mpya. Dondosha siki au asidi: likichemka ni chokaa, likichemka tu baada ya kulikwangua kuwa unga ni dolomaiti, lisipochemka, endelea. Likikwaruza kioo kwa urahisi ni gumu mno, huenda ni ile rifu nyeupe ya wachimbaji wa dhahabu. Apataiti inakwaruzwa na kisu kwa shida, nayo haifui dafu kwa kioo. Ikiwa jiwe la kijivu linachemka, lina punje nyeusi zinazoshikwa na sumaku, na vipunje vya kijani au kahawia visivyochemka, hapo usipige kelele. Funga mfuko, andika namba, piga picha ukiweka nyundo pembeni kuonyesha ukubwa, na usimtumie mtu picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp.

Udongo mwekundu uoshe kwenye karai kama mtu wa dhahabu, taratibu. Mchanga wa kawaida utatangulia kutoka. Chuma cha sumaku kitabaki chini kabisa. Apataiti ina uzito wa kati, kwa hiyo utaikuta kwenye mkia wa kijivu au kijani hafifu unaofuata ile nyeusi. Wengi huumwaga mkia huo kwa sababu haung'ai. Kausha, sagia kidogo, jaribu molibdeti ya mwalimu.

Ikitoka njano ya unga, na leseni ikiwa mkononi, chimbeni mashimo matano sita ya majaribio, mita moja kwa mita moja, yasizidi mita moja na nusu kwenda chini bila kuegeshewa mbao. Udongo huo mwekundu huonekana imara mpaka saa unapoanguka. Kwangua ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini kwa upana uleule, udongo wote uangukie kwenye turubai. Changanya, fanya tuta, ligawe mara nne kwa ubao, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, gawa tena, mpaka ubaki na kilo mbili. Hiyo ndiyo sampuli. Bonge zuri ulilolichagua kwa jicho linampima aliyelichagua.

Maabara ya GST Dodoma inapima. Omba P2O5, lakini usiishie hapo. Omba na CaO (chokaa), MgO (ya magnesiamu), chuma na aluminiamu. Karatasi ikirudi, tazama kwanza wameandika P au P2O5, kwa sababu P moja ni P2O5 2.29, na nimeona watu wakitupa eneo zuri kwa kusoma herufi vibaya. Apataiti safi kabisa haivuki P2O5 asilimia 42 na ushee. Mtu akikuletea karatasi yenye 55, mrudishie. Kisha gawa CaO kwa P2O5. Kwa apataiti tupu unapata karibu 1.3. Ukipata 5, una chokaa yenye fosfeti kidogo. Ukipata 0.3, fosforasi hiyo imeshikwa na chuma na aluminiamu za udongo mwekundu, na mmea hauwezi kuinyang'anya. Viwanda navyo haviitaki.

Na tuseme yote yamekwenda vizuri. Dhahabu unaiuza ikiwa mfukoni. Fosfeti inauzwa kwa behewa. Eneo la mita 200 kwa 300 lenye udongo wa kina cha mita 5 ni kama tani nusu milioni za udongo, na kama una asilimia 10 bado ni lazima uchambuliwe, kwa sababu mwamba unaouzwa viwandani kwa kawaida huwa na asilimia 28 hadi 35. Tani 20,000 kwa mwaka ni malori zaidi ya 660 ya tani 30 kwenye ile njia yenu ya mizinga. Nguruka kuwa kwenye reli ni bahati kubwa, nayo reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ikikamilika itawasogeza zaidi, lakini bado kuna pori la kuvuka. Minjingu yenyewe, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1983 kulisha kiwanda cha mbolea cha Tanga, ilibaki bila mnunuzi huyo kiwanda kilipofungwa 1991, na ikabidi itafute njia nyingine ya kuishi.

Tena apataiti ya kabonataiti si kama ya Minjingu. Ya Minjingu ukiisaga na kuimwaga kwenye shamba lenye udongo mchachu, kama wa Kasulu au Buhigwe, inayeyuka polepole na mahindi yanaipata. Ya kabonataiti ni ngumu kama msumari wa chuma. Bila asidi ya kiwandani inakaa shambani miaka ikikutazama. Kwa hiyo msidanganywe kwamba mtasaga na kuuza kwa majirani. Kwa upande mwingine, jiwe la kijivu likiwa ni chokaa tu au dolomaiti, msiende nyumbani mmeinamisha vichwa. Udongo mchachu wa nyanda za juu za Kigoma una kiu ya chokaa ya kilimo, na chokaa haihitaji kiwanda cha asidi. Inahitaji kinu na leseni.

Kwa sasa nitumieni vitu vitatu: namba za mahali kilipo kilima, mkieleza zimechukuliwa na simu gani, picha ya jiwe lililovunjwa, uso mpya, na sarafu juu yake, na jibu la mwalimu wa kemia. Kiroba kile msikitupe. Kipindueni ndani nje juu ya karatasi nyeupe, kung'uteni mshono wa chini, mhesabu chenga zilizodondoka, mniandikie ni ngapi.